Kivuli Hakina Hati

Anayeishi Dar es Salaam anaijua saa nane ya mchana ya mwezi Februari. Umeshuka kwenye daladala, lami inafukuta, mfuko wa sokoni mkononi, nawe unatembea umejibana ukutani ukifuata kile kivuli chembamba cha upana wa kiganja. Kisha unakata kona na kuingia mtaa wenye miti. Hatua chache tu na hewa imebadilika. Mabega yanashuka, mwendo unapungua bila kuuamuru. Mbele yako mama muuza ndizi ameshusha sinia lake chini ya mkungu, anajipepea kwa pindo la khanga. Hamjawahi kuonana, lakini mnaamkiana kama majirani.

Makala haya yanahusu kona hiyo. Nimeishi Mikocheni zaidi ya miaka 20, nimepanda miti na nimewahi kukata, na jambo ninalotaka kukuambia ni hili: raha ya mtaa wenye miti hainunuliwi pamoja na nyumba. Nyumba ina hati, kiwanja kina hati, lakini kivuli hakina hati. Anakipanda mmoja, anakitunza mwingine, anakifaidi mpita njia, na kinaweza kupotea asubuhi moja kwa msumeno wa mashine. Ukilishika hilo utajua namna ya kuchagua mtaa, namna ya kuishi ndani yake, na namna ya kukiotesha kivuli pale ambapo bado hakipo.

Jiji lililopewa majina na miti

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kufundishwa thamani ya mti mjini. Sikiliza tu majina. Mikocheni ni mahali pa mikoche, jamii ya mitende inayopenda ardhi ya pwani. Kinondoni kuna Mkwajuni, Ilala kuna Mchikichini, Kurasini kuna Mivinjeni, Magomeni kuna Mwembechai, Temeke kuna Mwembe Yanga. Hata katikati ya Kariakoo, ambako leo ni fremu za maduka na mikokoteni, upo Mtaa wa Mkunguni. Watu walipotaka kuelekezana mahali, walitaja kwanza mti waliokutania chini yake.

Miti hiyo haikugawanywa sawa. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha bustani ya mimea karibu na bahari ili kujaribu mazao ya biashara. Bustani hiyo ipo mpaka leo, jirani na Makumbusho ya Taifa. Waingereza nao waliupanga mji kwa kanda, na watu wakazipa majina yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni palipewa viwanja vipana, barabara tulivu na miti ya kandokando. Oysterbay tunayoiona leo chimbuko lake ni mpango huo. Uswahilini viwanja vilikuwa vidogo, na kivuli kilikuwa ni kile ambacho mwenye nyumba alijipandia mwenyewe, mwembe uani au mkungu mbele ya kibaraza.

Ndiyo maana wengi bado wanaamini kwamba mtaa wa kijani ni mambo ya Masaki na Oysterbay, na kwamba mtu wa kawaida hana lake huko. Mimi sikubali. Miaka ya 1970 Mikocheni, Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja chini ya mradi mmoja. Pita huko leo. Utakuta mtaa mmoja una kivuli kutoka mwanzo hadi mwisho, na wa pili yake ni vumbi na kuta. Ardhi ni moja na mvua ni moja. Kilichotofautiana ni waliopanda na wasiopanda.

Raha zake, kwa saa na kwa msimu

Usipojua raha za mahali hutajua unachokilinda. Basi tuzihesabu.

Alfajiri, mara tu baada ya adhana, shorewanda ndiye anayeanza. Ukipanda kichaka chochote chenye maua karibu na dirisha, utamwona chozi, kile kindege kidogo chenye mdomo uliopinda, akining'inia kunywa asali ya maua. Wenye hila ni kunguru weusi, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamelitawala jiji. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Dawa rahisi iliyo mikononi mwako ni kutowalisha: funika pipa la taka, usiache mabaki ya chakula uani.

Saa moja unasikia ufagio wa chelewa. Mtu anafagia majani, mwendo uleule, mbele ya geti hadi geti. Kwangu sauti hiyo ndiyo saa ya ukutani.

Mchana ndipo mti unapofanya kazi yake kubwa. Kuzuia jua ni sehemu tu ya kazi hiyo. Mti unavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia majani yakiwa mvuke, na mvuke huo unapoondoka hubeba joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo: mtungi unatoka jasho, maji ya ndani yanapoa. Mtaa wenye miti mingi ni mtungi mkubwa. Ukuta wa magharibi uliofunikwa na kivuli hauhifadhi joto la alasiri, kwa hiyo usiku chumba chako cha kulala hakikuchomi, na luku inakwenda siku nyingi zaidi kwa sababu kiyoyozi kinapumzika.

Alasiri ni saa ya watu. Watoto wanaokota kungu na kuzigonga kwa jiwe wapate ile mbegu nyeupe ya ndani. Wazee wanatoa bao. Muuza machungwa anasimamisha baiskeli. Hakuna aliyeitisha mkutano. Kivuli ndicho kilichowaita. Jua likizama popo wanatoka kuzunguka miembe, na kwenye mitaa iliyobaki na miti mikubwa bado utamsikia komba usiku, analia kama mtoto mchanga. Mgeni hushtuka. Mwenyeji anatabasamu na kujifunika shuka.

Na kila msimu una zawadi yake. Novemba na Desemba mikrismasi inawaka nyekundu, miembe inainama. Masika ikianza, ardhi yenye majani yaliyooza inanukia na kunywa maji, ilhali uwanja wa simenti unayatupa yote barabarani. Kusi inapovuma, miezi ya Juni na Julai, unaweza kukaa kibarazani tangu asubuhi hadi usiku bila kutafuta feni.

Ukitafuta nyumba au kiwanja

Dalali atakupeleka asubuhi, siku kavu, kwa gari. Wewe rudi peke yako mara tatu. Nenda saa nane mchana ukatembee kwa miguu kutoka kituoni hadi getini. Mwili wako utakuambia ukweli kuhusu kivuli cha mtaa. Nenda usiku usikie kelele na uone taa. Nenda siku ya mvua uone maji yanapita wapi.

Hiyo ya tatu usiiache. Kuna ubichi ambao ni raha na kuna ubichi ambao ni onyo. Ukiona bonde lenye matete na migomba iliyostawi kupita kawaida, jua maji yana njia yao hapo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na waathirika wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Muuzaji akikuambia "hapa hapana shida", pima mwenyewe kwa hatua, kisha uende manispaa ukaulize.

Ukiwa huko manispaa, omba kuona ramani ya mipango miji ya eneo hilo. Tazama kiwanja cha wazi kilicho jirani kimepangiwa nini. Wengi wamenunua nyumba kwa kuupenda mwembe wa upande wa pili, na baada ya mwaka mmoja mwembe umekuwa ghorofa. Kabla hujalipa, pita kwa mjumbe na kwa majirani wawili. Uliza miti ile ni ya nani, nani anaitunza, na kama kuna anayetaka kujenga. Majibu yao yatakueleza pia kama mtaa huo una watu wanaozungumza.

Kama mfuko hauruhusu maeneo ya zamani, usikate tamaa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo kama Mbweni, Bunju na Toangoma. Goba na Makongo nako kuna vilima na upepo. Katika maeneo mapya faida yako ni kwamba unaweza kupanda kabla ya kujenga. Anayepanda mwarobaini siku anayoweka mawe ya mipaka, siku anayohamia anakuta pa kuweka kiti.

Kupanda bila kujutia

Makosa mengi hutokana na haraka. Mtu anaona mche mzuri kwa wauza miche wa kandokando ya barabara, anaununua, anauchomeka ulipo uwazi. Miaka 10 baadaye mizizi imeingia kwenye karo.

Anza na swali: jua linanichoma upande gani? Kwa nyumba nyingi ni magharibi, kwa hiyo huko ndiko mti mkubwa uende. Mwembe uupe mita 8 hadi 10 kutoka ukutani. Mwarobaini unavumilia ardhi duni na kiangazi, unakua haraka, na mita 5 au 6 zinautosha. Mkungu matawi yake hutanda kama miavuli iliyopangwa ngazi kwa ngazi; ni mti wa nje ya geti hasa. Mkwaju hukua polepole lakini unashika ardhi vizuri na utawafaa wajukuu. Mkrismasi ni pambo kweli, ila mizizi yake hupita juujuu na huinua pevingi, kwa hiyo usiukaribishe kwenye njia ya gari. Mikuyu na ndugu zake iweke mbali sana na karo, mabomba na msingi. Mnazi na mfenesi usiipande juu ya maegesho wala mahali pa kuchezea watoto. Kama ua wako ni mdogo, kuna mstafeli, mpera na mlimao: kivuli kidogo, matunda mengi, hakuna ugomvi na ukuta.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 wiki mbili kabla ya kupanda. Tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza, kisha urudishe. Panda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, au mwanzoni mwa vuli, mwezi Oktoba au Novemba, ili mvua ikusaidie. Chana kiriba chote. Nimeng'oa miche iliyokufa nikakuta nailoni bado imeikaba mizizi. Acha kisahani cha udongo kuzunguka shina, tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Katika kiangazi cha kwanza na cha pili, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki ni bora kuliko kikombe kimoja kila siku, kwa sababu maji mengi yanayozama huivuta mizizi chini.

Nilisema nimewahi kukata. Mwembe ulikuwa mbele ya nyumba yetu, mkubwa, unadondosha majani kila siku. Nilichoka kufagia. Nilitaka pevingi nzuri na nafasi ya magari mawili. Fundi alimaliza kazi kwa siku moja. Februari iliyofuata sebule ilikuwa kama tanuri, pevingi ilirudisha joto dirishani hadi saa nne usiku, na ule mkusanyiko wa alasiri nje ya geti ukahama bila kuaga. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba mwembe nilioukata ulikuwa wangu, ila kivuli nilichokiondoa kilikuwa cha watu 30.

Kuishi na miti vizuri

Mti unadai huduma, na kuukwepa ukweli huo ndiko kunakoleta misumeno. Jiwekee ratiba ndogo.

Kila Jumamosi zungukia ua umwage maji yaliyotuama kwenye sahani za vyungu, makopo, matairi, mifereji ya paa iliyozibwa na majani. Mbu wa dengue huzaliana kwenye maji hayohayo ya nyumbani na huuma mchana. Jiji liliyaona madhara yake mwaka 2014 na tena 2019. Kosa halikuwa la miti. Dakika 15 za kumwaga maji zinatosha kuulinda ua.

Mwezi Februari, kabla ya masika, kagua matawi makavu na yaliyoinamia paa, ukayapogoe. Matawi yaliyogusa nyaya za umeme usiyaguse mwenyewe; toa taarifa kwa shirika la umeme waje. Ukihofia usalama, ondoa matawi ya chini na uweke taa, badala ya kuangusha mti. Mlinzi anayeona kutoka geti hadi kona anatosha. Na kabla ya kukata mti wowote mkubwa, anzia ofisi ya serikali ya mtaa uelekezwe utaratibu wa kibali.

Majani usiyachome. Ule moshi wa asubuhi unaingia kwenye vifua vya watoto na wazee wa mtaa mzima. Chimba shimo kwenye pembe, au panga matofali mita moja kwa mita moja, tupia humo majani pamoja na maganda ya jikoni, mwagia maji kidogo, geuza kila baada ya wiki mbili tatu. Baada ya miezi michache unapata mboji nyeusi, na mchicha wako hautahitaji mbolea ya dukani.

Nje ya geti

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililo zito. Mitaa mingi yenye miti inageuka kuwa mitaa ya kuta ndefu, na miti yote imefungiwa ndani. Mpita njia anaona vilele tu. Hapo mtaa una majani lakini hauna ujirani.

Panda angalau mti mmoja nje ya geti lako, mahali ambapo hautafunga njia wala mfereji. Uzungushie fito au matofali mpaka uwazidi mbuzi kimo. Kama kuna kijiwe cha bodaboda karibu, usiwafukuze, wape kazi. Mche uliokabidhiwa kijana anayekaa hapo tangu asubuhi hadi usiku haufi, maana ndiye atakayekikalia kivuli chake. Siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pendekezeni kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba baada ya kuzibua mifereji mpande miche kumi. Kila nyumba ishike mmoja, na orodha abaki nayo mjumbe. Mtu aliyeshika mche mbele ya majirani huona haya kuuacha ukauke.

Weka benchi. Mbao mbili na matofali vinatosha. Na ukuta ukiwa lazima, fikiria kurudisha michongoma sehemu ya mbele: inazuia mwizi, inaingiza upepo, ndege wanajenga, na jirani anaweza kukusalimia kupitia humo.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo tunaitumia kumsifu mwenye bidii, na ni sawa. Lakini kivuli anacholia huyo mchumaji lazima kuna aliyekipanda, na mara nyingi hakuwa yeye. Tunaokaa leo kwenye mitaa ya kupendeza ya jiji hili tunakula kivuli cha watu ambao hatukuwahi kuwaona. Deni hilo haliwezi kulipwa nyuma. Linalipwa mbele, kwa anayekuja.

Mwaka uliofuata baada ya kukata mwembe, nilipanda mkungu nje ya geti, hatua sita kutoka kwenye lami. Kiangazi cha kwanza ulikuwa fimbo tu. Mbuzi walitafuna ncha zake mara mbili. Sasa umepita kimo cha ukuta, umetanda. Mama muuza ndizi niliyemtaja mwanzoni, yule aliyeshusha sinia lake, ni chini ya mkungu huo aliposimama. Aliniuzia ndizi tano, akaniuliza kama namjua mwenye mti amwombe ruhusa ya kupumzika hapo kila siku.

Nilimwambia hauna mwenyewe, akae.